Taa ya Manjano Dirishani

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo hadi naona haya kulisema: nikinunua balbu nzuri ya chumba changu, si nitakuwa nimekubali kwamba nimebaki hapa nyumbani, Rumonge? Wenzangu niliomaliza nao chuo wanasubiri kazi Bujumbura. Mimi naisubiri katika chumba kilichokuwa stoo ya mawese, kuta zimeiva kwa mafuta, kidirisha kimoja juu ya njia ya kwenda ziwani. Nilikuwa nasomea mtihani wa kuajiri walimu chini ya balbu hafifu, pua ikigusa kitabu.

Kaka yangu anavua ndagala, dagaa wa ziwa letu, usiku kwa taa, na kwa mvuvi taa nzuri ni moja tu: nyeupe, kali. Nilimsikiliza. Nikafunga nyeupe kuliko zote dukani. Jioni ile ile wadudu wa ziwani waliingia kama moshi, wakajaa kitandani, kwenye nywele, ndani ya chai. Mama alisimama mlangoni akacheka mpaka machozi.

"Umeshawaita, mwanangu. Sasa leta wavu!"

Kisha akasema kwa upole ulioniuma zaidi: "Acha tu. Chumba ni cha kulala. Ukiolewa utaweka taa unayotaka kwako."

Kila mtu alikuwa na mipango ya kesho yangu. Leo yangu hakuna aliyeitaka. Basi nikaitaka mwenyewe.

Nikaanza kutazama taa za watu. Ukuta wa duka la dawa, chini ya taa nyeupe, ulikuwa mweusi kwa wadudu. Jirani yake ni baa yenye taa za manjano, na pale walirukaruka wachache tu. Kumbe nilikuwa nimenunua taa ya kuvulia. Nilichohitaji ni manjano, lakini yenye nguvu ya kusomea.

Sokoni nilipoulizia balbu ya manjano, mama muuzaji alinikazia macho.

"Ampuli ya manjano? Hiyo iko ya kabare, dada! Unafungua baa mu chumba?"

Wanawake wa mawese pembeni wakaangua kicheko. "Watu watapita kwako kuuliza bia!"

Masikio yaliniwaka moto. Nilijua wanachomaanisha: msichana, dirisha la manjano, njia ya watu.

"Wakija nitawafundisha hesabu," nikasema. "Nipe yenye wati nyingi. Murakoze, asante."

Njiani nilifikiria kuirudisha. Nilifikiria majirani, padri, hata mume ambaye simjui. Nikafika nyumbani bado nafikiria, nikachukua chokaa nikapaka kuta huku nafikiria, zikawa nyeupe. Kiza kilipoingia nikapanda juu ya kiti, nikaifunga balbu.

Chumba kikajaa mwanga hadi pembeni. Niliona kucha zangu zina chokaa.

"Basi funga pazia," mama akasema kutoka uani. "Watu wanapita."

"Waache wapite, mama."

Nikalivuta pazia kando mpaka mwisho, dirisha likabaki wazi, nikakaa chini ya taa yangu nikasoma.