Maana Nyingine ya "Set"

Nimekana miaka mingi, sasa nakiri: mimi, mwenye shahada, sikuhitaji kufundishwa maana za neno la Kiingereza "set". Miaka ya arubaini nilisomesha Wete, na mwanamke hakumpigia mwanamume simu bila shughuli. Basi kila asubuhi nilimuuliza Salim, karani wa posta ya Chake Chake, maana nyingine: jua kuzama, kutega mtego, kuunga mfupa. Simu ilikwaruza, nami nikiishi kwa sauti ile.

Siku moja nikajikaza. "Leo sitaki maana wala asili ya neno. Njoo nyumbani, mama anataka kukujua."

Akajibu: "Nisamehe, Bi Mwalimu. Salim kahamishiwa Unguja. Mwezi huu wote maana nakupa mie, Bakari wa hapa posta."