Aliyeondoka kwa Meli

Tangu tulipomzika mke wangu, mama yake alikuwa akishinda mlangoni pa nyumba yake pale Nansio kisiwani, ameelekea njia inayopanda kutoka gatini. Chakula nilichompelekea alikigusa tu, kisha akakifunika.

"Mtoto wangu aliondoka kwa meli, mkamrudisha kwa gari," aliniambia siku moja, amenipa mgongo kama mkwe anavyopaswa kukaa. "Kwetu mtu hurudi kwa njia aliyoendea. Yuko kule Mwanza anazunguka. Kamfuate, baba."

Ni kweli tulikwenda kwa meli. Kutoka bandari ya Mwanza tulitembea hadi hospitali iliyo kilimani, kwa sababu magari yalimtia kichefuchefu. Hakushuka tena akiwa hai. Jeneza watoto wetu walilirudisha kwa gari, wakizungukia Bunda hadi kwenye kivuko.

Mimi ni mzee wa kanisa. Watoto wa kipaimara nimewafundisha kwamba wafu wetu wako mikononi mwa Mungu, si bandarini. Nilitaka kumweleza hivyo. Nikaitazama ile sahani iliyofunikwa, na mikono yake ilivyokonda.

"Nitakwenda, mama," nikasema.

Akanipa kitenge ambacho marehemu alikiacha kwake. "Akione, ajue ni sisi."

Siku ya safari, binti yangu anayeishi Ilemela, hapo Mwanza, alipiga simu kabla meli haijafunga gati. "Baba, usitoke getini. Nakuja na gari."

"Usije, mwanangu. Nitajipeleka."

"Na mji ulivyobadilika? Utapotea."

"Njia naijua. Niliipita na mama yako."

Nilisikia anavuta pumzi. "Haya, baba. Lakini ukichoka unipigie."

Getini vijana wa bodaboda walinizunguka. "Shikamoo, mzee! Twende wapi?"

"Marahaba. Natembea."

"Mlima ule? Mzee, goti litakuaga!"

"Mwacheni," mwingine akasema, "anapunguza kitambi." Wakacheka, maana sina kitambi. Mimi pia nikacheka. Kisha yule wa kwanza akatazama nyuma yangu, akauliza kwa upole, "Au unamsubiri mwenzako?"

Sikugeuka.

Nilishika barabara ya mjini, nikipita maduka ya nyavu na wauza miwa. Sikuwa nimepanga kusimama, lakini miguu ilisimama. Hapa, penye ukuta wa duka la nyavu, ndipo mke wangu alipovua kiatu akakung'uta kijiwe. Nikangoja kwa muda unaotosha mtu kuvaa kiatu. Mbele, barabara inapoanza kupanda kati ya majabali, ndipo alipoketi na kuomba maji. Huko nako nikangoja. Siku ile nilimwambia, "Pole, tumekaribia." Nikashtukia nimeyasema tena kwa sauti, na mama aliyekuwa akichoma mahindi kando akaniangalia, kisha akaangalia mahali patupu palipo kando yangu.

"Poleni na safari," akasema.

Nilipofika kwenye geti la hospitali sikuingia. Nilisali Baba Yetu taratibu. Nilimshukuru Mungu kwa mke aliyenipa na kwa miaka aliyotujalia. Ombi la mkwe lilibaki. Nikakikunjua kitenge, nikaona aibu, nikasema hata hivyo, "Mama anakungoja. Twende nyumbani."

Upepo haukuvuma. Hakuna kilichotokea. Nikaanza kushuka, nikisimama palepale, penye majabali na penye ukuta wa duka.

Kwenye meli ya mchana nilipata kiti dirishani. Kitenge nikakiweka kwenye kiti cha pembeni. Abiria walizidi kuingia, na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akainama.

"Shikamoo, baba. Hapa pana mtu?"

Nilimtazama yule mtoto aliyelala. Maisha yangu yote nimejaribu kusema kweli, na dakika ile sikuijua kweli iko upande gani.

"Marahaba, mwanangu. Sijui," nikasema.

Alinitazama, akakitazama kitenge. Hakukigusa. Akaenda kuketi juu ya furushi lake karibu na mlango, na safari nzima hakuna mwingine aliyekiulizia kile kiti. Nilitaka kumwita aje akae. Badala yake nikakinyoosha kitenge.

Mkwe wangu alikuwa mlangoni. Alikipokea kitenge, akakinusa, akakiweka mapajani.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, mama. Lakini kila alipopumzika siku ile, nami nilisimama."

"Ule mlima ulimchosha."

"Ulimchosha."

Kisha akaomba ugali, akala mbele yangu, ameelekea ukutani, na jioni ile akaingia kulala chumbani kwake. Namshukuru Mungu kwa hilo, na sijaomba anieleze zaidi.

Ila kanisani wanashangaa. Mimi niliyekuwa nafungua milango kabla ya kengele, siku hizi nafika wimbo wa kwanza umeshaanza. Njiani huwa nasimama kidogo, nangoja, ndipo naendelea.