Ukuta uliokula dirisha la Zuhura

Bado sijaamini, jamani. Jina la Zuhura liko juu kabisa kwenye simu yangu, na ujumbe wake wa mwisho ni swali. Nililijibu kwa uongo.

Wengi hapa kwenye kundi mnanijua kwa picha za vijumba vya katoni. Huwa siongei. Leo nitaongea.

Vile vijumba vilikuwa vya Zuhura. Mimi nilikuwa mshika gundi tu.

Tulikutana Gitega, Burundi, wiki yangu ya kwanza shuleni. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikasoma kwa Kiswahili, na Kifaransa nilikisikia kama redio ya jirani. Kwenye somo la uchoraji Zuhura akaninong'oneza, "We, nipatie échelle." Nikatoka. Nikamwomba mlinzi. Nikarudi nimebeba ngazi.

Darasa zima: "Mtanzania amekuja kupaka rangi!"

Kumbe yeye alitaka skeli, kile kipimo cha mchoro. Kwa Kifaransa neno ni hilo hilo moja. Nilitamani ardhi inimeze. Zuhura akainuka, akashika upande wa pili wa ngazi. "Twende tuirudishe, sha. Iko mzito kwa mtu moja." Sha, yaani rafiki.

Tangu siku ile skeli yetu tukaiita ngazi. "Ngazi ni moja kwa hamsini." Mita moja ya kweli, sentimita mbili za katoni.

Alikuwa anajenga mtaa wao mzima juu ya ubao wa zamani wa baba yake, fundi cherehani. Mabati aliyatengeneza kwa ile karatasi inayong'aa ya paketi ya sigara, anaikandamiza kwenye meno ya kitana mpaka inajikunja yenyewe. Ukiinama ukatazama kwa jicho moja, unaapa mvua ikinyesha utaisikia.

Alinifundisha kukata nje ya mstari. "Ikizidi, utaipunguza na msasa. Ikipunguka, ni kwisha."

Mtauliza, wasichana wakubwa na katoni, utamu uko wapi? Mimi ni mwoga. Naogopa mageti, mbwa, walimu, hata kupokea simu. Lakini kitu nikishakipima, nikakikata, nikakiweka kiganjani, hakinitishi tena. Nilijenga shule yetu kwa katoni ya sabuni, na Jumatatu iliyofuata nikaingia darasani bila kusita mlangoni. Zuhura alikuwa ananicheka: "We unaogopa nini tena? Kipime!"

Sasa niungame.

Ilibaki nyumba ya kona, ile yenye geti la kijani, mbele ya duka la baba yake Zuhura. Zuhura alinituma mimi nikabishe hodi na kupima ukuta. Nilisimama pale. Nikanyanyua mkono. Nikaushusha. Nikarudi nikamwambia, "Mita tatu."

Likizo ikaanza, nikarudi kwetu Butihinda, huku Muyinga. Alhamisi akanitumia picha. Ukuta wangu umepanda mpaka umefunika nusu ya dirisha la duka la baba yake. Akaandika: "Yoo, ukuta yako imekula dirisha ya papa! We, ulipima kweli?"

Nikaandika ndiyo, kwa Kirundi: "Ego. Mara mbili."

Zuhura alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Baridi ikimwingia, mifupa inamuuma mpaka analia. Sote tuliomzunguka tulijua hatakiwi kunyeshewa.

Jumapili asubuhi nikaambiwa hayupo tena. Mpaka nipate gari lenye mafuta, walikuwa wameshamzika, maana Waislamu hawamlazi maiti. Nilifika nikakuta viatu vingi mlangoni, na vyake pembeni.

Nilikaa mkekani kati ya kina mama. Mama yake akanishika mkono. "Mwanangu, alitoka na futi ya baba yake, ile ya kupimia nguo, na mvua imeshaanza, akarudi amelowa. Mi sijui alifuata nini."

Mimi nilijua. Nikamwambia tu, pole, mama.

Nilipotoka pale, nikaenda mpaka kwenye geti la kijani. Nikabisha. Mzee mwenye nyumba akachungulia: "Na wewe umekuja kupima? Mwenzako alikuja Alhamisi. Nikamwambia, ingia kwanza, mvua ipite. Akakataa, eti anaharakisha. Na aliniomba nisimwambie mtu. Akasema, 'Rafiki yangu iko mwoga. Akijua nimerudia kupima, hatabisha geti tena maisha yake yote.'"

Alijua. Alijua tangu mwanzo.

Tangu hapo kila nikisikia mvua kwenye bati, hofu inanishika. Nimejaribu kuipunguza hofu hii mara hamsini. Haipungui. Haina ukuta wa kuwekea futi.

Leo, kabla ya kuandika hapa, nimempigia mama yake nikamwambia yote. Mita tatu. Ego. Mara mbili. Nyuma yake nikasikia cherehani ya mumewe imesimama. Nikadhani amekata simu.

Kisha akasema: "Njoo uchukue sanduku yake. Wembe na gundi viko ndani." Akavuta pumzi. "Na ukikuja, uvae koti."

Sijui kama huko ni kusamehewa. Naogopa kuuliza. Nitavaa koti.

Zuhura, sha, ukuta ni mita mbili na arobaini. Nimepima mwenyewe, mara mbili, mzee ni shahidi. Kwenye katoni ni sentimita nne na milimita nane. Nitakata nje ya mstari. Dirisha la papa litaonekana lote.

Ngazi nimeishika upande wangu. Na wako.

Lala pakavu, rafiki yangu. Lala salama.