Chembe Zilizokuwa Bado Njiani

Fan Shuqin, mjane wa Baoding, aliuza maandazi ya mvuke na hakuwahi kumpunja mteja. Lakini alimdanganya mwanawe Hongtao, tena kwa huruma, na huruma ndiyo mlango ambao uongo mwingi huingilia.

Hongtao alikuwa amelazwa Beijing, peke yake nyuma ya kioo. Kwa sababu ya saratani ya damu, uboho wake ulikuwa umeunguzwa wote kwa dawa, kisha akatiwa chembe mama za damu zilizotolewa kwa Shuqin. Chembe hizo zilitakiwa zitafute zenyewe njia hadi ndani ya mifupa, zitie mizizi, zizae damu mpya. Nyingi hupotelea njiani. Ndiyo maana Daktari Tong alizidunga nyingine moja kwa moja kwenye mfupa wa nyonga. Baada ya hapo ilibaki kungoja.

Majibu ya damu alipewa mama kwanza, kama ilivyo desturi, na kila asubuhi yalikuwa yale yale: chembe nyeupe hakuna. Siku moja Hongtao akageukia ukutani, akakataa hata uji. Shuqin akamwambia kwa simu ya kiooni, "Zimefika, mwanangu. Zimeanza kushika."

Hongtao akacheka. Akasema chembe za mamake zina kiherehere kama mwenyewe, lazima zinapangusa vumbi humo mfupani. Akamaliza bakuli. Shuqin akaondoka akijiambia kesho uongo utageuka kweli.

Haukugeuka. Muuguzi akaleta habari kwamba Hongtao ameacha kusukutua kinywa kwa ile dawa chungu ya kukinga vijidudu; anasema askari wakishaingia lindoni, kufuli la nini? Sasa kinywa kilikuwa vidonda vitupu, na homa ilikuwa inapanda.

Daktari Tong hakukemea. "Mama Hongtao, dawa ya homa ninayo. Ya kumfanya asukutue sina."

Shuqin akashika simu ya kiooni. "Nilikudanganya. Hazijafika. Hakuna hata moja."

Hongtao alimkazia macho mpaka mamake akainama. "Kumbe nilikuwa nacheka peke yangu."

Akaweka simu chini. Akasukutua, uso umekunjamana, akatema damu. Kisha akaishika simu tena. "Kesho niambie kweli hivyo hivyo, Mama. Hata kama ni sufuri."

Kesho yake ilikuwa sufuri. Shuqin akamwambia.