Kamba Moja, Malango Matano

Kabla ya kuajiriwa kulinda magofu yale ya kale, mzee alikuwa mwashi, na jicho la ufundi halikumtoka. Kwa miaka tisa alipima ukuta wa mviringo kwa kamba yake, akagundua kuwa malango yote matano yalikuwa hatua arobaini kamili kutoka jiwe la katikati.

"Wajenzi walizungusha kamba moja tu!" alimwambia mtafiti aliyekuja kuandika kitabu kuhusu magofu hayo, uso ukimng'aa.

Kitabu kilipotoka, binti yake alimsomea. Ugunduzi wote uliandikwa kuwa wa mtafiti. Chini ya picha ya mzee paliandikwa, "Mlinzi akishika kamba."

"Baba, hata jina lako halimo."

"Kifunge, mwanangu."

Siku hizi wageni wakimuuliza watu wa kale walipimaje, hujibu, "Mimi sijui," na roho inamuuma.