Nilivyoua Povu la Mjerumani

Hii stori nilitaka nife nayo, lakini kwa vile Mama Neema, bibi yangu, ameshaisimulia kwa akina mama wa kanisa pale Waithaka, na sasa hata mwenye nyumba akinipata kwa njia ananiuliza sufuria iko wapi, afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe, mjue nilikosea wapi, na mjue pia mahali sikukosea.

Mimi kazi yangu ni kaunta. Miaka kumi na minne nimemwagia watu bia Dagoretti Corner, na kama kuna kitu nilijivunia ni kwamba glasi ya Wafula haina povu. Unainamisha glasi, unaileta bia pembeni polepole, inajaa hadi mdomoni imetulia tuli. Mteja wa Corner ukimwekea povu vidole viwili anajua umemwibia, na hatakuambia kwa upole. Sasa baa yetu ikabomolewa kupisha barabara, nikakaa nyumbani miezi mitano nikifagia na kupeleka mtoto shule, mpaka nikasikia Madam Nyokabi, mwenye ule mkahawa mpya wa bustani upande wa Karen, anatafuta mkuu wa kaunta. Alikuwa ameleta Mjerumani wa kumpikia bia ya pilsner papo hapo nyuma ya jikoni. Nikampigia Madam, akaniambia nifike Jumamosi saa nane, kuna wageni wanakuja kuonja hiyo bia, niwahudumie, na wakiridhika Jumatatu naanza kazi. Mimi nikakata simu nikamwambia Mama Neema nimepata kazi (sikusema najaribiwa, nilisema nimepata), na kufika jioni nusu ya wapangaji wenzetu wa ploti walikuwa wananiita mkuu.

Mjerumani mwenyewe aliitwa Uwe, mzee wa ndevu nyeupe aliyekaa Moshi kule Tanzania miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi watu wa Nairobi tunaona haya kufungua mdomo. Nilimkuta amepanga glasi kumi na mbili kwenye kaunta, kila moja ina kibandiko cha namba, moja, mbili, tatu, halafu tena moja, mbili, tatu, na anamimina kidogo, anangoja, anamimina tena, mtu hana haraka kabisa. Juu ya kila glasi povu limesimama kama kofia ya mpishi.

"Ndugu Wafula," akaniambia, "naenda kuzungumza na binti yangu kwa simu. Wageni wakifika, mpelekee kila mmoja glasi zake tatu." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikabaki na zile glasi. Theluthi nzima ni povu, jamani. Nikafikiria wageni wa Madam, watu wa magari makubwa, halafu mimi ndio nawawekea mbele glasi za wizi siku yangu ya kwanza. Nikajiambia huyu mzee kupika anajua, lakini kumwaga hajui, wacha nimsaidie. Zile namba nilidhani ni raundi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, maana bia ilikuwa rangi moja na mpishi ni mmoja, nifikirie nini kingine?

Nikaanza na kijiko, lakini povu la Mjerumani si povu la kawaida, unalitoa na linakaa palepale linakuangalia. Basi nikaingia jikoni nikachukua sufuria ya ugali ya wafanyakazi (niliisuuza, msinitazame hivyo), nikamwaga glasi zote kumi na mbili ndani, nikakoroga na mwiko mpaka povu likaisha nguvu. Kuchungulia, naona bia imebaki kidogo, haiwezi kujaza glasi zote, na wageni nawasikia tayari getini wakisalimiana. Chini ya kaunta kulikuwa na chupa mbili za bia yetu ya kila siku, mpishi wa jikoni aliziweka hapo za kuchemshia soseji. Nikazifungua, nikazimimina humo humo, nikakoroga, nikajaza glasi kumi na mbili hadi mdomoni bila hata tone la povu, na nikajipongeza kwa sauti.

Wageni walikuwa wanne. Mkubwa wao aliitwa Bwana Karanja, aliyewahi kwenda Munich siku nne kwa semina na tangu arudi hanywi hata maji bila kuitaja. Kulikuwa na Shiko, dada wa kupiga chakula picha mpaka kinapoa, na wawili wengine waliokuja kukubaliana na Karanja. Niliwapangia glasi mezani, nikasimama kando na trei kifuani, halafu Madam akainuka akatoa hotuba fupi. Akasema namba moja, mbili na tatu ni mapishi matatu tofauti, Mzee Uwe ameyahangaikia miezi minne, na lile watakalochagua leo ndilo litapikwa Jumatatu na kuandikwa kwenye kibao cha nje.

Nikakumbuka ile sufuria. Hapo ndipo ningesema. Lakini akilini nilimwona Mama Neema akiwaambia majirani wa ploti kwamba mkuu amerudi kukaa nyumbani, nikaogopa.

Wakaanza kuonja. Wananusa, wanazungusha, wanafunga macho, wanaandika kwenye fomu. Kwa upande wa povu Karanja aliandika kwamba limejizuia. Namba moja, akasema, ina ukali wa ujana. "Lakini hii mbili," akaweka mkono kifuani, "hii mbili ndio Munich yenyewe." Shiko akasema mbili inamkumbusha nyasi baada ya mvua, na wale wawili wakasema hata wao wameiona hiyo nyasi. Tatu wakaichambua vibaya sana, ati inaanguka mwishoni. Nawaambia yote ilitoka sufuria moja, mwiko mmoja, na walivyoongea kwa uhakika mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza kama labda kuna vile niligawa vibaya. Kura zikahesabiwa, zote nne zikaenda kwa namba mbili.

Madam alikuwa ameshaanza kupiga makofi Mzee Uwe aliporudi. Akasimama mbele ya meza. Akaangalia glasi zisizo na povu. Akachukua moja akaonja, akachukua mbili, akachukua tatu, akaziweka chini taratibu.

"Nani ameua bia yangu?" akauliza.

Nikasema ni mimi. Nikaeleza yote, kijiko, sufuria, mwiko. Akaniuliza kwa upole hii harufu nyingine ni ya nini, nikamwambia, "Ni bia ya soseji, mzee." Shiko akafuta picha zake moja moja. Karanja akakohoa akasema yeye alishuku tangu mwanzo, alikuwa anawapima wenzake tu. Nilitamani kaunta inifunike.

Sasa Uwe hakunifukuza. Alimimina upya glasi tatu safi kwa kila mtu, akasema povu ndilo hushika harufu ya bia, tukasimama wote tukilingoja kama tuko kwa ibada, kisha akawapa wageni. Karanja, ambaye alihitaji heshima yake irudi haraka, akaonja na kutangaza kwamba sasa ukweli umejulikana, namba tatu ndiyo bora, ina utamu wa asili. Wenzake wakakubali. Uwe akanigeukia. "Ndugu Wafula, wewe umefanya kazi hii miaka mingi. Onja, uniambie ukweli."

Nikaonja. Ya kwanza ina uchungu msafi, ukimeza unataka tena. Ya pili ni kama ganda la mkate, nzuri ila imechoka kidogo. Ya tatu nikainusa mara mbili, maana nilizaliwa Bungoma na harufu ya mahindi siwezi kukosea. Nikasema, "Mzee, hii tatu inanuka maji ya githeri. Imeharibika."

"Imeharibika," Uwe akasema. "Nilifunika chungu wakati wa kuchemsha, harufu mbaya ikabaki ndani. Niliiweka nione nani ataigundua."

Nilifurahi. Nilidhani nimeokoka. Lakini Karanja alikuwa anavaa koti kwa hasira, na Madam alimfuata mpaka getini akimbembeleza, akarudi peke yake.

"Wafula," akaniambia, "ile ya sufuria ningekusamehe, Uwe mwenyewe anakutaka. Lakini Karanja ndio huleta watu wa ofisi yake yote kila Ijumaa. Amesema hatarudi wewe ukiwa hapa, ulitaka nimwambie nini?"

Nikaweka trei chini, nikatoka. Nilipofika nyumbani Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata ile ya mwiko, akaniuliza tu, "Kwani ungepungukiwa na nini ukisema tatu ni tamu?"

Siku hizi niko kaunta ndogo karibu na Mutuini, mshahara si mbaya. Povu la mtu sigusi tena hata lifike dari. Na mteja akiniuliza hii bia ikoje, namwangalia kwanza usoni nione yeye anataka iwe vipi.