Mabakuli Matatu Chini ya Kitanda

Ipo siku moja, mjukuu wangu, mpaka leo haijanitoka. Nakusimulia kwa sababu kesho unahamia Kivinje kuanza kazi, humjui mtu, na tangu jana nakuona huli.

Mimi niliolewa kutoka Mitole, kijiji cha bara, nikaletwa Rasbura, Lindi mjini. Mume wangu, babu yako, alikuwa dereva wa lori la korosho. Wiki mbili yupo njiani, siku mbili nyumbani. Mtaa ule wote ni ndugu. Huyu shangazi wa yule, yule kamnyonyesha huyu. Nikipita barazani kwao mazungumzo yanakatika, nikishapita nasikia kicheko. Basi nikajua nachekwa mimi. Maji nikawa nateka saa saba mchana, jua kali, ili nisikutane na mtu kisimani.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, nami nina mimba kubwa. Jirani wa mbele, Bi Somoe, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, akaniletea futari: tambi za nazi kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu. Nikala, nikalamba na vidole. Shida ikaja kwenye kulirudisha. Mama yangu alinifundisha kwamba bakuli la jirani hulirudishi bila kutia kitu ndani, nami ndani nilikuwa na unga wa muhogo na mchicha tu. Nimpelekee nini mtu anayepika tambi za nazi? Nikasema nitangoja mume wangu arudi na chochote. Nikalisukuma chini ya kitanda.

Likaja bakuli la pili, la tatu. Mume hajarudi, safari hiyo ilimchelewesha. Kisha yakaacha kuja. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Nilikuwa nikisikia hatua nje, nasema leo wanakuja kuniita mwizi wa vyombo.

Siku ya pili ya Idi, baada ya adhuhuri, uchungu ukanishika. Niliuma khanga nisisikike. Cheka ukitaka, lakini nilimwogopa Bi Somoe kuliko nilivyouogopa uchungu. Nililala sakafuni mpaka ikaadhiniwa alasiri, nikiona wazi kwamba nitakufa mle ndani, na wa kwanza kujua atakuwa nzi. Chupa ya uzazi ilipopasuka nikaburura yale mabakuli, nikayakumbatia, nikavuka njia. Bila vyombo vyao nisingethubutu kupiga hodi.

Bi Somoe alikuwa barazani na wenzake wanasuka ukili wa mikeka.

"Shikamoo, Bi Somoe. Nimeleta vyombo. Vitupu. Nisamehe."

Akatazama mabakuli, akatazama miguu yangu inavyochuruzika maji.

"Vyombo gani, mwanangu, na wewe unajifungua!"

Akayapokonya akayatupa; moja likabanduka rangi ukingoni. Ile sauti yake niliyoiogopa ikaita mtaa mzima. Wanawake wakanizunguka na khanga, wakasimamisha gari la samaki, wakanipakia mpaka hospitali. Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi, kitovu kimemzunguka shingoni, hana rangi, hana sauti. Nesi alimpigapiga mpaka akalia. Akaniambia, "Ungechelewa kidogo, usingempata." Mtoto huyo ndiye mama yako, anayekufungia mizigo hapo chumbani.

Kesho yake bakuli lililobanduka likaja hospitali, limejaa uji wa pilipili manga. Nililia. Nikamuuliza Bi Somoe kwa nini mtaa ulinichukia.

"Sisi?" akasema. "Sisi tulidhani unamwaga chakula chetu, maana vyombo havirudi. Tukasema huyu kaambiwa watu wa pwani wachawi. Nikaogopa hata kuja kukuuliza, usije ukanifungia mlango usoni."

Na kweli niliambiwa hivyo kwetu, na kidogo niliamini.

Kile kicheko nacho, baadaye nilikuja kukaa kwenye baraza ile miaka mingi. Wanacheka tangu asubuhi. Wakati ule hakikunihusu hata kidogo.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikuambii usiogope, utaogopa, na mimi naogopa kwa ajili yako. Ila ogopa ukiwa nje, mahali watu wanakuona. Maji yateke saa wanayoteka wenzako. Salamu uanze wewe. Wakikuletea chakula, kula, na bakuli lirudishe siku ile ile, hata likiwa tupu, useme wazi kwamba leo sina kitu. Aibu hiyo ni ya dakika moja. Mimi niliikimbia mwezi mzima, nikakaribia kuilipa kwa uhai wa mama yako.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe jirani mwenye sauti kubwa, na akupe miguu ya kuvuka njia kwenda kwake. Amin. Sasa njoo ule.